Ijumaa ikifika, wazazi waambiwe nini?

Shikamoo Mwalimu,

Nafundisha darasa la pili katika shule ya msingi ya serikali, nje kidogo ya mji wa Korogwe. Mkondo wangu una watoto 87. Mwezi uliopita tulikuwa na mkutano wa wazazi, na mama mmoja akasimama akasema neno lililonyamazisha ukumbi mzima: alijua kwamba mwanawe hawezi kusoma siku alipopokea ripoti ya Desemba. Mwaka mzima mtoto alikuwa anaamka, anavaa sare, anakwenda shule na kurudi, na kila akiulizwa "Mmesoma nini leo?" anajibu "Tumesoma." Wazazi wengi wakamuunga mkono. Mwalimu mkuu akatamka palepale kwamba kila mwalimu wa darasa awe anawajulisha wazazi kila wiki watoto wanajifunza nini.

Nimefungua kundi la WhatsApp. Kila Ijumaa napiga picha ukurasa wa azimio la kazi, yaani mpango wangu wa kufundisha, na kuutuma humo. Sijawahi kuulizwa swali hata moja kuhusu masomo. Chini ya picha yangu zinafuata salamu, matangazo ya vitenge, mtu anatafuta chumba cha kupanga, na ubishi wa siasa unaokwenda mpaka usiku. Wengine hunipigia simu saa nne usiku kuuliza kama sweta la mtoto limeonekana. Na sasa kuna wazazi wanaotaka niweke kundini alama za majaribio, jina kwa jina, wajue nani anazembea.

Hao ni wenye simu janja. Zaidi ya nusu ya wazazi wangu wana vitochi. Wapo wanaotoka alfajiri kwenda kwenye mashamba ya mkonge na kurudi giza limeingia. Wapo watoto wanaolelewa na bibi zao, na baadhi ya bibi hao hawakusoma kabisa. Nimejaribu pia barua za karatasi: kopi nalipia mwenyewe, na nyingi nazikuta zimefinyangwa mfukoni mwa kaptula wiki inayofuata.

Kuna mzazi aliniambia uso kwa uso, "Mwalimu, kazi ya kufundisha si ndiyo unayolipwa?" Na kuna baba mwingine anayejitahidi kweli, kila jioni anakaa na mwanawe, lakini anamkaririsha "ei, bii, sii, dii", na mtoto akitamka sauti ya herufi kama nilivyomfundisha, anapigwa kwa kukosea. Mtoto huyo sasa akifika mbele ya ubao anakaa kimya.

Nataka wazazi wajue. Lakini niwafikieje wote, niwaambie nini, na nifanyeje ili kazi hii isinimalizie jioni zangu na mshahara wangu?

Mwalimu wa Darasa la Pili, Korogwe

*

Marahaba, mwalimu mwenzangu.

Yule mama aliyesimama mkutanoni ametusemea jambo kubwa, na nafurahi kwamba mwalimu wako mkuu alimsikiliza. Mwaka 2010 Uwezo, mradi wa kupima kusoma na kuhesabu kwa watoto, walipotoa matokeo ya kwanza ya upimaji wao Tanzania, watoto kama watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu waliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Wapimaji wale walikwenda nyumba kwa nyumba, wakampima mtoto nyumbani kwao na kumwambia mzazi matokeo hapohapo. Wazazi wengi walikuwa kama mama huyu: sare walikuwa wanaiona, kusoma hawakuwa wanakuona.

Lakini kumpa mzazi habari peke yake hakutoshi. Nchini Kenya watafiti Evan Lieberman, Daniel Posner na Lily Tsai waliwafuatilia wazazi waliopewa matokeo ya Uwezo ya watoto wao, wakawalinganisha na wazazi wa vijiji ambako matokeo hayakutolewa. Katika utafiti walioutoa mwaka 2014, hawakuona tofauti ya maana katika yale wazazi hao waliyoyafanya baadaye. Mzazi huambiwa mwanawe hajui kusoma, akasikitika, kisha asijue ashike wapi. Kwa hiyo mimi ningekushauri ubadilishe swali lenyewe. Badala ya kujiuliza "Niwaambie wazazi nimefundisha nini?", jiulize "Wiki hii mzazi anaweza kusikia nini kutoka kinywani mwa mwanawe?" Kitu kimoja. Kifupi. Kinachoweza kusikika jikoni, bila kitabu cha mwongozo.

Azimio la kazi lina umahiri mkuu, umahiri mahususi, idadi ya vipindi, zana na vigezo vya upimaji. Ni waraka wako wewe, wa mwalimu wa taaluma na wa mthibiti ubora atakapokuja kukagua. Mzazi akiona picha yake haelewi aanzie mstari gani, na hapo ndipo anapoona afadhali atangaze vitenge. Acha kuutuma.

Chukua mfano. Tuseme azimio lako linasema wiki hii ni kusoma na kuandika maneno yenye konsonanti mwambatano. Mzazi hana haja na jina hilo. Mwandikie hivi:

"Wiki hii: ng na ng'. Mtoto akusomee: ngoma, ngazi, ng'ombe, ng'oa. Akikwama msomee, kisha arudie. Jumatatu nitamsikiliza. Mwl. 2A."

Ujumbe huo unaingia katika meseji moja ya kawaida ya herufi 160, kwa hiyo hata kitochi kinaupokea mzima. Una maneno manne tu, na umeyachagua kwa makusudi: mtoto asiyetofautisha ngoma na ng'ombe atasikika mara moja, hata kwa mtu asiyejua herufi, kwa sababu kila Mswahili anajua ng'ombe anavyotamkwa. Unamwambia mzazi afanye nini mtoto akikwama, ili asitafute fimbo. Na unamwambia mtoto kwamba Jumatatu utamsikiliza, naye atamfuata mama mwenyewe.

Hesabu nayo ni hivyo hivyo. Kama mko kwenye kutoa kwa kukopa, usiandike "kutoa kwa kukopa". Mwambie mzazi ampe mtoto vijiti: mafungu matano ya kumi kumi na viwili vya pembeni, ndiyo 52, kisha aombe 27. Mtoto atatoa mafungu mawili vizuri, halafu atakwama kwenye saba, maana vijiti vya pembeni ni viwili tu. Hapo ndipo pa kumwangalia. Akifungua fungu moja mwenyewe, ameelewa. Akibaki anahesabu vidole na kubahatisha, bado. Mzazi anayeuza vitumbua ataliona jambo hili upesi kuliko walimu wengi, maana kuvunja noti ili kurudisha chenji ndiyo kazi yake ya kila asubuhi. Wiki nyingine mtumie swali la chenji moja kwa moja: "Nina 1,000, nimenunua vya 600. Nirudishiwe ngapi?" Bibi asiyejua kusoma anaweza kuuliza swali hilo na kulijua jibu.

Sasa njia ya kuufikisha. Kopi za karatasi achana nazo. Ujumbe wa wiki ufanye imla. Siku ya Ijumaa, kabla watoto hawajatawanyika, wasomee sentensi zile taratibu, nao waziandike kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari la Kiswahili. Kipindi cha kuandika unacho tayari kwenye ratiba, hujaongeza kazi. Karatasi haipotei, maana daftari linakwenda na kurudi. Mtoto amejifunza kuandika, na mzazi anapata ujumbe kwa mwandiko wa mwanawe mwenyewe. Hilo la mwisho ndilo muhimu zaidi. Mtoto aliyeandika "goma, gazi, gombe" amempelekea mzazi wake taarifa ambayo wewe usingeweza kuiandika vizuri zaidi. Mtoto aliyerudi na ukurasa mtupu amepeleka taarifa nzito kuliko zote, na ameipeleka mapema, wakati bado kuna muda kabla ya upimaji wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) wa mwisho wa mwaka. Mama yule hatasubiri tena Desemba.

Mwanzoni ujumbe uwe mfupi zaidi ya ule wa simu, hata maneno sita, kwa sababu darasa la pili wengine bado wanakokota herufi. Kwa walio nyuma kabisa, andika ubaoni wanakili. Na karibu na mlango wa darasa, au getini mnapopokea watoto, weka ubao mdogo wenye ujumbe huohuo. Wapo wazazi wanaopita hapo kila siku na ndoo au baiskeli ambao hawajawahi kuingia ofisini, wala hawataingia.

Wanaolelewa na bibi usiwaone kama tatizo la pembeni. Bibi ni msikilizaji mzuri sana, akipewa la kusikiliza. Watoto wetu wengi hukariri ukurasa mzima: utamwona anasoma "vizuri" huku macho yako darini. Mwambie bibi afanye mambo mawili. Kwanza, mtoto aweke kidole chini ya neno analolisoma, na bibi amsimamishe katikati, amrudishe mstari wa chini kabisa, aanzie hapo. Aliyekariri atapotea palepale. Pili, akimaliza, amsimulie bibi alichokisoma, hata kwa Kisambaa. Aliyeelewa atasimulia kwa lugha yoyote. Kazi hiyo haihitaji bibi ajue herufi hata moja, inahitaji robo saa baada ya chakula. Na kama nyumba ina kaka au dada wa darasa la tano, huyo ndiye wa kumsomea bibi ule ujumbe wa nyuma ya daftari.

Kundi la WhatsApp usilifunge, lipange. Ipo nafasi kwenye mpangilio wa kundi ya kuruhusu wasimamizi pekee kutuma ujumbe. Iwashe leo, baada ya kuwaeleza wazazi kwa upole kwamba kundi hili ni la masomo na wanaotaka mazungumzo wafungue lao. Tuma mara moja kwa wiki, siku ileile, saa ileile. Ongeza na sauti yako ya nusu dakika: unatamka ng, unatamka ng', unasoma yale maneno manne. Sauti hiyo itamsaidia mzazi kuliko maandishi, hasa yule wa "ei, bii, sii". Kuhusu simu za usiku, waandikie wazazi saa zako, kwa mfano saa tisa hadi saa kumi na moja jioni, na ukishaziandika zishike. Sweta litatafutwa kesho asubuhi.

Alama za watoto kwa majina usiziweke kundini, hata wazazi wote wakikuomba. Mtoto wa mwisho katika orodha ana mama humo ndani, na mama huyo kesho atatoka kundini kimyakimya, wakati yeye ndiye uliyemhitaji kuliko wote. Tena ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo taarifa za watoto imezihesabu miongoni mwa zile nyeti. Picha za watoto darasani nazo zifikirie kwa jicho hilohilo. Habari ya mtoto mmoja ni ya mlezi wa mtoto huyo peke yake.

Habari hiyo ya mtoto mmoja mmoja ndiyo ya kutumia simu. Shule zilipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya korona, nchini Botswana familia zilitumiwa swali la hesabu kwa meseji kila wiki. Kundi jingine la familia, juu ya meseji hiyo, lilipigiwa simu ya kama dakika 20: mpigaji anamwomba mzazi amwite mtoto, simu inawekwa sauti ya juu, wanafanya lile swali pamoja. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Meseji peke yake haikuonyesha mabadiliko ya uhakika, ila waliopigiwa simu walipiga hatua katika hesabu. Wewe una watoto 87 na huwezi kuwapigia wote, wala sikuambii upige dakika 20. Jumatatu pitisha macho kwenye zile imla. Kati ya wenye kurasa tupu, chagua familia nne au tano kwa wiki, uwapigie dakika chache. Anza na kitu ambacho mtoto anakiweza, kisha kitu kimoja cha kufanya mpaka Jumatatu ijayo. Vocha ya simu hizo mwombe mwalimu mkuu aipangie katika fedha za uendeshaji. Agizo lilikuwa lake, na si haki itoke mfukoni mwako.

Jambo jingine nakuomba ulishike sana: ujumbe wa masomo usiuchanganye kamwe na habari za michango. Elimu bila ada ipo tangu 2016, lakini unajua mwenyewe fikra ya kwanza ya mzazi akiona simu ya shule. Anadhani ni tofali, ni uji, ni mlinzi, na hapokei. Uji ni muhimu na utajadiliwa mkutanoni, kwa kamati ya shule na kwa utaratibu wake. Mzazi akizoea kwamba namba yako huleta habari za mwanawe tu, atapokea hata akiwa shambani.

Kwa yule aliyekuuliza kama kufundisha si kazi unayolipwa, mjibu kwamba ndiyo, na unaifanya. Usibishane naye. Mtoto wake naye ataandika imla kama wenzake na atataka kusikilizwa. Wazazi wa namna hii mara nyingi husema hivyo kwa sababu wanaogopa kuombwa jambo wasiloliweza. Akigundua kwamba anachoombwa ni kusikiliza maneno manne, mengi hubadilika.

Baba wa "ei, bii, sii" ndiye anayenigusa zaidi. Anafanya kile tunachowaomba wazazi wote wafanye, kila jioni, na hakuna aliyemwambia kwamba siku hizi kusoma kunaanzia kwenye sauti za herufi. Na hesabu ya kichwani mwa mtoto ni ngumu: akitamka "bii" na "ei" hapati "ba" hata akiziunganisha vipi, na akitamka sauti anapata "ba" lakini anapata na kofi. Ndiyo maana ananyamaza. Huyu usimtumie meseji. Mwombe aje asubuhi moja kabla hajaenda kazini, akae nyuma ya darasa kwenye kipindi cha kusoma. Mshukuru kwanza, mbele ya mwanawe, kwa kukaa naye kila jioni. Kisha mwonyeshe ubaoni: b, a, ba, b, a, ba, baba. Mwombe mtoto alisome neno hilo kwa sauti, baba yake akisikia. Majina ya herufi ya Kiingereza mwambie yana wakati wake, yatafundishwa kwenye Kiingereza, ila jioni kwenye Kiswahili ni sauti. Na kuhusu kupiga, mweleze waziwazi kwamba mtoto alikuwa sahihi, na kwamba mtoto anayepigwa kwa jibu sahihi huacha kujibu. Lisemee faraghani, si mbele ya mtoto. Kama kipigo kitaendelea baada ya hapo, usilibebe peke yako, lifikishe kwa mwalimu mkuu na kwa mwalimu wa malezi.

Kama shule yenu ina UWAWA, ule ushirikiano wa wazazi na walimu, waombe wawakilishi wa darasa lako wakusaidie kwa wazazi wasio na simu kabisa. Wanawajua kwa kitongoji, na wanajua nani anapatikana saa ngapi.

Anza na imla ya Ijumaa hii tu. Mengine yafuate pole pole. Jumatatu chagua madaftari matatu: la mtoto aliyeandika yote sawa, la aliyechanganya ng na ng', na lenye ukurasa mtupu. Yapeleke ofisini kwa mwalimu mkuu, umwambie kwamba hivi ndivyo wazazi wa 2A watakavyokuwa wanajulishwa, na umwombe vocha ya kumpigia mlezi wa yule wa tatu siku hiyohiyo.